Kufuga Samaki ni Kufuga Maji

Mwanadamu hufuga kwa haja tatu. Hufuga apate chakula, hufuga apate msaada wa kazi, na hufuga apate furaha ya macho. Haja mbili za kwanza hazihitaji mtetezi, maana kila mtu huzielewa. Ya tatu huonekana upuuzi mpaka ichunguzwe, na ikichunguzwa huonekana kuwa na deni kubwa kuliko zile mbili. Nataka kuitetea haja hii ya tatu, lakini sitaki kuitetea pasipo kutaja deni lake.

Mimi ni mzaliwa wa Hirbadaw, katika nchi ya Hanang. Huko mali ni ng'ombe, na mtu hujulikana kwa zizi lake. Bahari iko mbali, mamia ya kilomita, na wengi wa wazee wetu hawajapata kuiona. Kazi ya kufundisha Kiswahili ilinileta Dar es Salaam, na hapa pwani nafuga samaki wawili wadogo wa maji ya chumvi ndani ya tangi la kioo. Wataalamu huwaita Amphiprion akallopisos. Urefu wao haufiki urefu wa kiganja. Rangi yao ni ya chungwa lililopauka, na mstari mweupe hupita juu ya mgongo, tangu puani hata mkiani, kama mstari wa chaki. Asili yao ni miamba ya matumbawe ya Bahari ya Hindi, na pwani yetu ni mojawapo ya makao yao. Hawa wangu hawakuvuliwa. Walizaliwa katika tangi la rafiki, nami nikapewa.

Mjomba wangu, mfugaji wa Hirbadaw, alikuja kunitembelea akaliona tangi. Alilizunguka kimya, kisha akauliza, "Mwanangu, hawa hukamuliwa?" Nikacheka, naye akacheka. Lakini swali lake la pili halikuwa la mzaha. Aliuliza, "Chumvi yao waipata wapi?" Hilo ni swali la mtu ajuaye kufuga. Nilimweleza kwamba lita moja ya maji ya bahari huchukua gramu 35 hivi za chumvi, na kwamba maji ya tangi hupungua kila siku kwa kugeuka mvuke, lakini chumvi haiondoki pamoja nayo. Kwa hiyo kadiri maji yapunguavyo ndivyo ukali wake uzidivyo.

"Hiyo ni Balangida," akasema mjomba.

Msomaji asiyeijua nchi yetu na ajue kwamba Balangida ni ziwa la magadi chini ya mlima Hanang. Maji huingia na hayana mlango wa kutokea; jua huyanywa na kuacha chumvi, hata wakati wa kiangazi ufuko huwa mweupe. Ziwa Basotu, lililo upande wetu, maji yake ni matamu. Mfugaji huijua tofauti hiyo kwa ulimi wa ng'ombe wake. "Basi," mjomba akaendelea, "yakipungua usiongeze ya bahari. Ongeza ya mvua." Kanuni hiyo huandikwa katika vitabu vya ufugaji wa samaki kwa maneno mengi. Yeye aliifikia kwa pumzi moja, hali hajakaa pwani juma zima. Ilinibidi kumwonya jambo moja tu: chumvi ya Balangida si badala ya chumvi ya bahari. Ina magadi mengi, na samaki wa matumbawe akitiwa humo hufa.

Lipo jambo jingine lisiloonekana kwa macho yake wala yangu. Samaki huchafua maji yale yale anayoyavuta kwa mashavu yake. Uchafu huo hutoa amonia, nayo ni sumu. Katika miamba ya bahari, vijidudu huigeuza sumu hii kuwa sumu nyingine, na vijidudu vingine huigeuza hiyo ya pili kuwa kitu chenye madhara madogo. Hukaa juu ya mawe na mchanga, na huongezeka polepole. Tangi jipya huwa na maji maangavu kama kioo, lakini samaki akitiwa mapema huangamia katika uangavu huo. Nilikaa majuma saba nikitunza mawe na maji matupu. Wageni waliniuliza nafuga nini, nikawajibu kwamba nafuga maji. Walidhani ni mzaha.

Ada hii ina historia. Mwaka 1846 bibi mmoja wa Uingereza, Anna Thynne, aliyachukua matumbawe hai kutoka Torquay akayapeleka London. Aliyaweka hai kwa kuamuru maji yao yamiminwe huku na huku mbele ya dirisha lililo wazi, nusu saa au zaidi, ili yapate hewa. Na kazi hiyo ilifanywa na mtumishi wake. Mwaka 1961 Lee Chin Eng, mkazi wa Jakarta, aliandika habari ya njia yake ya kuyatia matangini mawe hai kutoka baharini, pamoja na mapovu ya hewa, ili mawe yenyewe yasafishe maji. Vitabu husifu akili za watu hawa, na ni haki. Mimi huufikiri pia mkono wa yule mtumishi.

Niliufikiri hasa usiku mmoja mjomba angali kwangu. Umeme ulikatika baada ya chakula cha jioni, na pampu ikanyamaza. Maji yasiyotembea hupungukiwa na hewa, na samaki wakaanza kupanda juu wakihema. Mjomba hakuniuliza neno. Alichukua kata akateka maji tangini, akayamimina kutoka juu, akateka tena. Tulipokezana mpaka alfajiri. Nilimwambia kwamba ni wadogo mno kumnyima mzee usingizi. Akanijibu, "Mfugaji hamwachi mnyama kwa kuwa ni mdogo."

Yako mahitaji ambayo kata haiwezi kuyatimiza. Samaki hawa baharini huishi ndani ya minyiri ya anemoni, mnyama laini ambaye sumu yake huwadhuru wengine na kuwaacha wao. Nao humlipa: humfukuzia kitatange wa aina zile zipendazo kumla. Kwa hiyo avuaye samaki hao humwondolea anemoni walinzi wake. Hawa pia si wa kukaa peke yao. Mwaka 1977 Hans na Simone Fricke walieleza kwamba jike ndiye mkuu wa kundi, na akifa, dume mwenziwe hugeuka jike. Tena husemezana kwa sauti fupi fupi. Mwaka 2005 ilitangazwa kwamba sauti za samaki wa jinsi hii walioko Madagaska zatofautiana na za wale wa Indonesia, mithili ya lahaja. Mwalimu wa lugha akisoma habari hiyo hawezi kumfuga mmoja peke yake. Ndiyo sababu wangu ni wawili, na ndiyo sababu sikutaka wa kuvuliwa.

Sasa nimefika kwenye deni lenyewe. Tangi langu likipata joto, huondoa kifuniko nikawasha feni. Umeme ukikatika, kata iko. Lakini mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalizidi joto, na matumbawe ya pwani ya Kenya na Tanzania yakapauka, mengi yakafa. Mwaka 2016 yalipauka tena. Tumbawe huishi na mwani mdogo ndani ya mwili wake, nao humlisha. Joto likizidi humtoka, akabaki mweupe mwenye njaa. Baruti za wavuvi wachache nazo zimevunja miamba iliyochukua karne kujengwa. Bahari ni tangi lisilo na kifuniko wala feni, nasi sote tumo katika zamu ya kulitunza, hata wale wa Hirbadaw ambao hawajaliona.

Basi sisemi kwamba kila mtu afuge samaki. Nasema kwamba furaha ya macho si upuuzi ikiwa mwenye macho yuko tayari kulipa. Atakaye rangi ya samaki na atunze maji, na atakaye maji na atunze mawe na vijidudu asivyoviona. Mfugaji wa ng'ombe ameyajua haya tangu zamani, kwa kuwa hajapata kuona ng'ombe aliyeishi bila majani, maji na chumvi. Sisi wasomi tumeyakuta mbele ya kioo, na haitatudhuru kukiri kwamba tuliotangulia kuyasoma siye tuliotangulia kuyajua.