Ndoo ya Usipa

Najua nimepotea siku nyingi. Nimesharudi chuoni, Mkwawa hapa Iringa, baridi ni ile ile na ratiba imebana kuliko mwaka jana. Wenzangu bwenini wakiniuliza likizo nilifanya nini, naona aibu kidogo kujibu. Mmoja alifundisha tuisheni, mwingine aliuza mitumba. Mimi nilikuwa nauguza mbwa. Basi leo acha niwasimulie vizuri, maana kuna jambo limenikaa moyoni.

Nyumbani ni Mbamba Bay, ziwani kabisa. Nilipozaliwa kwetu kulikuwa bado wilaya ya Mbinga, tukapata wilaya yetu ya Nyasa mwaka 2012, ila kwa shida nyingi bado tunapanda Mbinga mjini. Mbwa mwenyewe anaitwa Usipa. Kwa wasiojua, usipa ni wale dagaa wa ziwa letu. Mdogo wangu wa kiume ndiye alimpa jina hilo kwa jinsi alivyokuwa mdogo, na mpaka leo hajawa mkubwa. Kazi yake ni kulinda vichanja vya bibi dagaa wakianikwa. Yaani anafukuza kunguru, halafu dagaa anakula mwenyewe!

Wiki ya kwanza tu ya likizo akagongwa na bodaboda. Nilimkuta pembeni ya barabara, ngozi ya paja la nyuma imechanika vibaya na vidole viwili vimesagika. Nikainama nimbebe, akanitolea meno. Jamani, mbwa mwenye maumivu anaweza kumng'ata hata anayempenda. Mdogo wangu akachana kitambaa, tukamfunga mdomo taratibu, tukamlaza kwenye gunia.

Jirani mmoja akasema bora amalizwe apumzike. Nisiwadanganye, nilikaa kimya. Nilikuwa nawaza hela. Kwenye boom nilikuwa nimebakiza kidogo, nimeitenga ya nauli na ya kutolea kopi. Mdogo wangu akaniangalia, akasema, "Dada, tunaenda au hatuendi?" Tukaenda.

Bwana mifugo wa pale kwetu alimsafisha akasema hii inataka kushonwa mnyama akiwa amelala, mpelekeni Mbinga kwa daktari. Konda wa gari la kwanza akagoma, mbwa hapandi. Tukapata gari la samaki, dereva akatuonea huruma. Kutoka ziwani kwenda Mbinga ni kupanda milima tu, joto linabaki chini, unaanza kuona kahawa na mashamba ya ngolo. Usipa alikuwa anatetemeka mapajani kwangu, sijui ni baridi au ni maumivu.

Swali la kwanza la daktari: amechanjwa kichaa cha mbwa? Mimi mwanachuo sikuwa na jibu. Mdogo wangu akatoa kadi ya chanjo, aliihifadhi ndani ya daftari la Hisabati. Daktari akamlaza Usipa kwa sindano, akakata vile vidole viwili, akashona paja. Kisha akachukua kindoo cha plastiki cha rangi, akakata kitako, akatoboa matundu, akamvalisha shingoni na kukifunga kwa bandeji. Masharti yakawa haya: sindano za dawa siku tano atachoma bwana mifugo, asikimbie, asilambe kidonda, na ndoo isitoke mpaka nyuzi zitolewe, siku kumi hadi kumi na nne. Akatuonya pia tusijaribu kumpa panadol wala diklofenaki zetu za nyumbani, dawa za watu zinaweza kumuua mbwa.

Siku tatu zilienda vizuri. Siku ya nne usiku, mh! Usipa alilia. Kila akigeuka ndoo inagonga ukuta, akitaka maji ndoo inagonga bakuli. Analia ananiangalia, analia ananiangalia. Bibi naye alikuwa ameshasema mate ya mbwa ni dawa, mwacheni ajitibu. Saa nane nikashindwa, nikaivua ile ndoo. Akalamba mkono wangu, akanyamaza. Nikalala nikijiona mtu mwema sana.

Asubuhi nyuzi zilikuwa zimekatwa nyingi, kidonda kiko wazi. Mdogo wangu akauliza imekuwaje. Nikamjibu, "Ilivuka yenyewe." Hivyo tu. Mtu ninayesomea ualimu!

Tukajaribu kukifunika kwa bandeji, nikijipa moyo kwamba kitajifunga chenyewe. Baada ya siku mbili kikaanza kunuka, paja limevimba, Usipa hataki kula hata dagaa. Tukapanda tena Mbinga. Daktari akafungua bandeji akauliza nani kavua ndoo. Mdogo wangu akadakia, "Ilivuka yenyewe, daktari." Alisema kwa kujiamini kabisa, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia. Nikasikia uso unawaka. Nikasema, "Hapana. Niliivua mimi. Alikuwa analia."

Daktari hakunigombeza. Alisema, "Mwalimu, analia ndoo, halii kidonda. Hivyo ni vilio viwili." Akanieleza kwamba mdomo wa mbwa umejaa vijidudu, ulimi wake unakwaruza, na meno yanavuta nyuzi. Mdogo wangu hakusema kitu. Njia nzima ya kurudi alikaa upande wa pili wa gari.

Safari hii daktari alikata nyama iliyooza, akatoa usaha, na hakushona. Kidonda chenye usaha ukikifunga unafungia ugonjwa ndani, kwa hiyo kiliachwa wazi kijae nyama kutoka chini. Dawa ikabadilishwa. Kazi ya nyumbani ikawa kukiosha asubuhi na jioni kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kisha bandeji safi. Na nzi wasitue, maana wakitaga tu, kidonda kinaingia mabuu.

Nyumbani kwetu mbwa haingii ndani, ni sheria ya bibi. Lakini aliposikia habari za nzi akaenda chumbani, akarudi na chandarua chake cha zamani, akakitundika kwenye kona ya jiko. "Anakaa hapa kwa sababu ya nzi tu, msinizoee." Ila alfajiri nilikuwa namsikia anamsemesha.

Wapendwa, kuuguza hakuna stori nyingi. Ni kuchemsha maji, kuosha, kufunga, kesho tena. Ndoo ilibaki shingoni wiki tano. Alilia usiku mwingi na mimi nilikaa pembeni yake nimeshika mikono yangu mwenyewe. Kunywa maji nilimshikia bakuli ndani ya ndoo. Mdogo wangu akaanza kupima kidonda kwa rula kila Jumapili, anaandika kwenye lile daftari la Hisabati: sentimita 7, 6, 4 na nusu... Jumapili ya 4 na nusu ndiyo siku aliyonionyesha daftari mwenyewe bila mimi kuomba. Nikajua tumepatana.

Mwakani naenda mazoezi ya kufundisha. Nawaza sana kuhusu ule usiku. Niliivua ndoo ili kilio kiniishe mimi masikioni, halafu nikaita huruma. Darasani watakuwepo watakaolia ndoo na watakaolia kidonda, na mimi ndiye nitatakiwa kujua.

Usipa mzima. Bibi kashamrudisha nje, eti nzi wamepungua. Juzi mdogo wangu kapiga simu: kovu halijaota manyoya, anachechemea kukiwa na baridi, ila kunguru bado anawakimbiza. Na ile ndoo bibi kaizungushia mche wa mpapai, kuku wasiuchakure.

Haya, ngoja niwahi kipindi. Tuonane panapo majaliwa.