Mawe ya Mlima Ni ya Nani?

Ilikuwa mwezi wa saba, siku ya posho. Tulitoka Likasi saa kumi na mbili ya asubuhi, vijana tisa, mzee mmoja na mimi, tukashika barabara ya Kambove. Baridi ilikuwa kali, na nyasi za pembeni zilikuwa zimekwisha kuungua moto. Mzee yule alifanya kazi ya kutafuta mawe ya madini miaka mingi, sasa anakula pensheni yake. Vijana walimwomba awaonyeshe ginsi ya kusoma mlima.

Tulipofika kwenye kilima cha kwanza, aliuliza: «Munaona nini?» Kijana mmoja akajibu: «Papa, hakuna kitu. Hata miti hakuna.» Mzee akacheka. «Njo vile! Pahali miti inakataa kuota, uliza juu ya nini. Mukuba ukiwa mwingi katika udongo, miti mingi haiwezi kuishi.» Halafu alituonyesha ua dogo ambalo linavumilia udongo wa namna hiyo, ua la shaba. Wenye elimu ya mimea wameliita Haumaniastrum katangense, kwa sababu ya Katanga yetu.

Chini ya kilima kulikuwa mawe ya rangi ya majani mabichi, yenye mistari mizuri. Ni malakite. Maji ya mvua na hewa vikiingia katika mawe yenye shaba, polepole, muda mrefu sana, malakite inazaliwa karibu na uso wa udongo. Babu zetu waliijua mbele ya kampani yoyote kufika. Waliiyeyusha kwa makala, wakamimina misalaba ya shaba. Misalaba ile imekutwa hata katika makaburi ya zamani ya Upemba. Jules Cornet, mtu wa jiolojia kutoka Ubelgiji, alipopita Katanga mwaka wa 1892, alikuta mashimo ya wachimbaji wetu.

Kugeuka nyuma, nikaona kijana mmoja amekwisha kujaza mfuko wake. Mzee naye aliona.

«Mwana wangu, unapeleka wapi ile mawe?»

«Papa, iko chini tu, haina mwenyewe. Udongo ni wa Serikali, na Serikali ni sisi wote.»

«Umesema neno moja la kweli, ukaacha lingine,» mzee akajibu. Tukakaa chini, akatuelezea.

Ni kweli, sheria ya mwaka wa 1973 inasema udongo wa Kongo ni mali ya Serikali. Lakini sheria ya migodi ya mwaka wa 2002, iliyorekebishwa mwaka wa 2018, inasema vilevile kwamba madini ni ya Serikali, hata kama wewe una karatasi ya kiwanja juu yake. Serikali inagawanya inchi katika miraba, kila mmoja hektari karibu 85, na inatoa haki ya miraba ile kwa kuandika. Kilima kinaweza kukosa ukuta, kukosa hata kibao, na bado kiwe ndani ya haki ya mtu. «Shamba la mahindi lisilo na lupango,» mzee akasema, «je, mahindi yake ni ya kila mupita njia?»

Hakuna aliyejibu. Wakati ule mlinzi wa pahali akatufikia. Mzee akamwonyesha barua ya ruhusa tuliyoomba mbele. Barua iliandika: kutembea na kuangalia. Haikuandika: kubeba. Kijana yetu akamwaga mfuko wake mwenyewe, mbele ya watu wote, haya zimemshika. Mlinzi akamshukuru, akatuacha tuendelee.

Mbele kidogo mzee alitupatia ajabu ingine. Jiwe kubwa la kijivu, lenye mistari iliyopindana kama kitunguu kilichokatwa. «Haya ni mabaki ya viumbe,» akasema. Zamani, zaidi ya miaka milioni 700, hapa palikuwa maji ya bahari yasiyo na kina. Viumbe vidogo sana, visivyoonekana kwa macho, viliishi tabaka juu ya tabaka, na tabaka zikawa jiwe. Zinaitwa stromatolite. Yule kijana wa mfuko akatoa daftari, akachora jiwe lote, akaandika siku na pahali. Mzee akampiga bega: «Sasa umechukua jiwe, na jiwe limebaki.»

Kwa njia ya kurudi mzee alisema neno ambalo liliniumiza mimi. «Jiwe la manjano yenye kung'aa musilishike, musiliweke nyumbani. Linaweza kuwa na urani.» Shinkolobwe iko karibu na Likasi, urani yake ilitumiwa katika bomu la Hiroshima mwaka wa 1945. Mawe ya namna ile yanatoa miali isiyoonekana, na hewa inayoitwa radoni, mbaya kwa mapafu katika chumba kilichofungwa. Mimi nilikuwa na jiwe la manjano miaka minne juu ya kabati, chumba cha watoto wanalala. Nililipenda kwa uzuri wake! Mangaribi ile mama ya watoto aliwatosha watoto chumbani, na siku ya kazi nilikwenda kwa watu wa Serikali wa migodi kuwaomba waje walitoshe. Sikuwalaumu watoto wa wengine tena.

Basi, kijana anayependa mawe afanye nini? Mbele ya kutembea, uliza ofisi ya migodi na shefu wa pahali. Kuchimba kwa mikono ni kazi ya mkubwa mwenye karte ya mchimbaji, ndani ya kooperative, katika eneo ambalo Serikali imetenga. Si kazi ya mtoto. Katika pariki za Upemba na Kundelungu usichukue kitu. Ukikuta chungu au msalaba wa zamani, usiuhamishe, julisha wakubwa. Ukitaka malakite nyumbani, nunua kwa mchongaji wa kweli. Na ukiisugua, tumia maji, kwani vumbi yake ni mbaya.

Tusifikiri kwamba sheria hizi ni za kwetu tu. Marekani, katika sehemu nyingi za udongo wa Serikali, mtu anaweza kuokota miti iliyogeuka mawe bila kulipa: kilo karibu 11 na kipande kimoja kwa siku, lakini si zaidi ya kilo 113 kwa mwaka, na hawezi kuuza. Mifupa ya wanyama wa zamani haigusi bila ruhusa ya kuandikwa.

Wiki iliyofuata yule kijana alinionyesha daftari yake. Kulikuwa michoro 14. Mfuko wake ulikuwa mwepesi.