Bei ya Bluberi Haishuki

Kwenye laptopu yangu kuna faili ya Excel inayoitwa SHAMBA. Ina kurasa mbili. Ya kwanza ni ya shamba langu la Stardew Valley, mchezo wa kompyuta ambao nimeucheza saa nyingi kuliko nilizowahi kukaa kwenye ukumbi wowote wa mihadhara. Ya pili ni ya ekari moja pale Kimana, chini ya Kilimanjaro, upande wetu wa mpaka, ambayo Mama alikuwa amekodi. Safu ni zilezile kwa zote mbili: bei ya mbegu, siku hadi kuvuna, bei ya kuuza, faida kwa siku. Ukurasa wa pili ndio sababu sina digrii.

Kama hujawahi kuucheza, ni hivi. Wewe ni mfanyakazi wa ofisi katika kampuni kubwa iitwayo Joja, umechoka na maisha, unafungua barua uliyoachiwa na babu yako na kumbe ndani amekurithisha shamba. Unafika kijijini unakuta magugu na mawe. Una dhahabu 500 mfukoni, na meya amekuachia mbegu 15 za pasinipu, kitu kama karoti nyeupe ambacho sijawahi kukiona Marikiti. Msimu una siku 28. Msimu ukibadilika, mimea isiyo ya msimu mpya inakauka usiku mmoja. Basi kila tarehe moja unajiuliza swali lilelile: nipande nini?

Wengine hupanda tu chochote kinachopendeza macho. Mimi nilikuwa nasoma Uchumi na Takwimu, kwa hivyo nilipiga hesabu. Pasinipu: mbegu 20, unauza 35, siku nne. Faida 15, gawanya kwa nne, haifiki hata dhahabu nne kwa siku. Viazi: 50, 80, siku sita. Tano kwa siku, na mara nyingine shina linakutolea kiazi cha ziada. Koliflawa: 80, 175, siku 12. Karibu nane. Halafu tarehe 13 kuna sherehe ya mayai ambapo wanauza mbegu za stroberi kwa 100. Mgeni anazipanda jioni ileile, anavuna mara mbili, msimu unaisha. Mjanja anazifungia kwenye sanduku mpaka mwaka unaofuata, anazipanda tarehe moja na kuvuna mara tano. Mbegu ni ileile: mmoja anapata faida ya 140, mwingine 500. Niligundua hiyo saa nane usiku nikamwamsha rumeti wangu kumwambia. Alinitukana vizuri sana.

Kiangazi ni cha bluberi. Mbegu ni 80 pale dukani kwa Pierre. Baada ya siku 13 inazaa, kisha kila siku nne inazaa tena, tunda tatu tatu, kila moja 50. Ukipanda tarehe moja unavuna mara nne: matunda 12, dhahabu 600, toa mbegu, 520 kwa shimo moja. Msimu unaofuata, wa majani kupukutika, kuna kranberi, mbegu ghali kidogo ya 240 lakini inakuletea 510 ukiiwahi. Ukizidisha hizo kwa mashimo mia mbili, unaanza kujiona kama tajiri fulani wa magazetini.

Kitu kimoja kilinikera. Sukuma. Kwenye mchezo sukuma unapanda kwa 70, siku sita, unafyeka shina lote kwa mundu, unauza 110, kwisha. Yaani aliyetengeneza huu mchezo, Mmarekani aitwaye Eric Barone ambaye aliutunga peke yake zaidi ya miaka minne, michoro, muziki na kila kitu, hadi ukatoka Februari 2016, ni mtu wa kuheshimika. Lakini kwetu ukifyeka shina la sukuma baada ya mkato mmoja utaitiwa wazee. Sukuma unachuma majani ya chini, unaiacha, unarudi wiki ijayo. Mama ana mashina pale karibu na choo ambayo nadhani yalinikuta nikiwa darasa la sita.

Lakini kuna jambo kubwa kuliko hilo ambalo sikuliona, na nilicheza mpaka mwaka wa nne wa shamba langu bila kuliona. Bei haishuki. Kando ya nyumba yako kuna sanduku la mbao. Unatumbukiza bluberi kumi, unalala, asubuhi pesa imeingia. Ukitumbukiza elfu moja, bado kila moja ni 50. Hakuna lori lililochelewa. Hakuna anayekwambia soko limejaa. Mvua ikinyesha inakumwagilia tu, na wezi wako wakubwa ni kunguru, ambao sanamu moja ya matambara inawatosha.

Sasa Kimana. Mama alikuwa akilima kama alivyofundishwa na mamake: mahindi na maharagwe pamoja, kunde kidogo, migomba kando ya mfereji, vitunguu vya kuuza na mistari michache ya nyanya. Zamu yake ya maji ilikuwa Jumanne usiku, na Jumatano asubuhi ungemkuta na matope mpaka magotini akiwa na furaha ambayo mimi sikuielewa, kwa sababu hela iliyotoka hapo ilikuwa ya kuokoteza. Nikiwa mwaka wa tatu, likizo ya Desemba, niliketi naye jikoni na laptopu nikamfungulia ukurasa wa pili.

Mahindi: gunia 20, shilingi 3,000 kila moja, toa gharama, gawanya kwa siku 120. Hayafiki mia tatu kwa siku. Nyanya: kreti 150. Wakati huo kreti ilikuwa inaenda 5,500, lakini mimi mtu makini nikaandika 4,500. Toa laki na nusu ya miche, dawa, petroli ya pampu na vibarua. Gawanya kwa siku 90. Shilingi 5,833 kwa siku.

Mama aliangalia ile namba kwa muda mrefu.

"Na tutakula nini?"

"Tutanunua, Mama. Faida ya siku moja karibu inanunua gunia mbili."

"Na kila mtu akipanda nyanya?"

Nilimjibu, na jibu hilo nalikumbuka neno kwa neno kwa sababu nimelirudia kichwani mara nyingi sana: "Watu hawapigi hesabu, Mama."

Alikubali. Alikubali kwa sababu mimi ndiye niliyesoma, na mtoto uliyemsomesha kwa vitunguu akirudi na namba kwenye skrini unafanyaje? Alichukua elfu 80 kwenye chama. Elfu 60 nyingine ilikuwa karo yangu ya mwaka unaofuata, ambayo alikuwa ameiweka pembeni pole pole. Iliyobaki tulikopa dukani kwa dawa.

Tulihamisha miche shambani mwezi wa tatu. Ilikubali. Nikiwa chuo alinitumia picha kila wiki, na kila picha niliiona kama shamba langu la kompyuta, mistari imenyooka, kijani kibichi. Mwanzoni mwa Juni tukaanza kuchuma. Nilisafiri nisikose.

Nilipokuwa kwenye matatu kutoka Emali niliona kitu ambacho kilipaswa kuniambia yote. Pande zote za barabara, kila mahali maji yalipofika, nyanya. Palipokuwa na maharagwe mwaka jana, nyanya. Kumbe kila nyumba ilikuwa na mtu wa kupiga hesabu. Wengine hawakuhitaji hata Excel. Walimwona jirani akinunua pikipiki mwezi wa kwanza, basi.

Wiki ya kwanza broka alitoa 2,800 kwa kreti, na kreti yenyewe ijazwe mpaka juu kama kilima. Wiki ya pili 1,400. Wiki ya tatu alikuja kijana mmoja mpole, hata simlaumu, akasimama kwenye ukingo wa shamba bila kuingia.

"Mama yangu, gari limejaa. Nikizichukua nitazimwaga njiani."

"Hata mia saba, kijana wangu?"

"Hata bure, Mama. Mafuta ya gari nayatoa wapi?"

Kwa jumla tuliuza kreti 61. Nyingine zilioza, zikaliwa na mbuzi, zikapewa majirani ambao nao walikuwa na zao za kutupa. Mama alikata zingine akazianika juu ya mabati, na kwa miezi mitatu kila chakula nyumbani kilikuwa na ile ladha chachu ya nyanya kavu. Iliingia laki moja na elfu tisa. Chama kilichukua elfu 88 pamoja na riba. Dukani kwa dawa bado tulidaiwa. Mahindi hayakuwepo kabisa, kwa hivyo unga tulinunua.

Kwenye kikao cha chama, walipomuuliza nini kilitokea, aliwaambia lilikuwa wazo lake. Sikuwepo. Niliambiwa na shangazi, mwaka mmoja baadaye, tukiwa tunaongea mambo mengine.

Kinachonichoma ni kwamba nilikuwa nimefundishwa. Mwaka wa kwanza, muhula wa pili, kuna nadharia inaitwa utando wa buibui, jina alilolipa Nicholas Kaldor mwaka 1934. Wakulima wanaangalia bei ya leo, wanapanda kwa pamoja, mavuno yanafika kwa pamoja, bei inaanguka. Wanakasirika, wanaacha kwa pamoja, bei inapanda tena. Ukichora mwendo wake unapata utando. Niliuchora kwenye mtihani nikapata A. Na hata kama nisingesoma, mimi ni Mkenya, nilikuwepo wakati wa kware. Mwaka 2013 na 2014 kila mtu alikuwa na kizimba, mayai yanauzwa kama dawa ya kila kitu, halafu mayai yakawa mengi kuliko wanunuzi na ndege wakageuka mzigo. Nilicheka sana wakati ule. Nilidhani kile ni kichekesho cha watu wasiopiga hesabu.

Niliandika barua ya kuahirisha masomo kwa mwaka mmoja. Imekuwa miaka minne.

Siku hizi naandika. Keja yangu iko Zimmerman, na kazi inakuja kwa barua pepe: maneno elfu moja, elfu mbili, shilingi moja kwa neno, moja na nusu nikibahatika. Jina langu halitokei. Na unajua zaidi ya nusu ya hizo oda ni nini? "Mazao Saba Yatakayokutajirisha Ndani ya Siku 90." "Ekari Moja, Milioni Moja." Nimeandika tikiti maji, hoho, parachichi za Hass, chia. Naijua fomula sasa. Chukua mavuno ya mkulima bora, zidisha kwa bei ya mwezi mbaya zaidi kwa mnunuzi, toa gharama ambazo hazina vibarua wala petroli. Ni ukurasa wangu wa pili, bila nyanya zilizooza. Na kila nikituma najua kuna mtu atausoma kwenye simu akiwa na mamake jikoni.

Mwezi uliopita niliitiwa oda ya vitunguu. Niliandika kama kawaida, halafu mwishoni nikaongeza aya moja: kabla hujapanda, tembea shamba kumi za jirani uulize wamepanda nini, na using'oe chakula chako chote. Mhariri alirudisha maandishi aya ile ikiwa imefutwa. Aliandika kwa upole kwamba inapunguza motisha. Nikamwambia sawa. Kodi ilikuwa tarehe tano.

Krismasi iliyopita nilimwekea Mama mchezo kwenye simu yangu, nikiwa nimechoka kumwelezea. Alifikiri ni upuuzi kwa dakika kumi, kisha akaninyang'anya. Hakupanda kwa faida hata kidogo. Alipanda pasinipu tatu, viazi vitano, koliflawa moja "tuone inafananaje," na sukuma, ambayo aliifyeka na kushtuka mpaka akaniita. Okota okota yake ya msituni, leki na vinginevyo, hakuuza. Kulikuwa na babu mmoja mkali, George, wa kiti cha magurudumu, Mama akampelekea leki, na yule babu, ambaye mimi kwa miaka minne ya mchezo sikuwahi hata kumsalimia, akafurahi sana. Mama hakushangaa. "Mzee kama huyo atakuwa anapenda chakula cha zamani."

Baadaye nilimweleza kwamba mwaka wa tatu ukianza babu aliyefariki anarudi kukupima, na kati ya alama 21, pesa ni saba tu. Zingine ni urafiki, ndoa, mambo mengine. Aliuliza mimi nilipata ngapi. Nikasema mshumaa mmoja kati ya minne. Alicheka mpaka akaweka simu chini.

Kisha akaniuliza swali ambalo nilikuwa nalingojea. "Hizi zinazowekwa kwenye sanduku, nani ananunua?"

"Hajulikani, Mama. Zinanunuliwa tu."

"Zote?"

"Zote. Kila siku."

Alivuta midomo, akarudi kumwagilia.

Siku hizi yeye ndiye mwenye ile simu ya zamani. Kwenye ekari yake amerudisha mahindi na maharagwe, kunde, migomba, vitunguu mistari sita na nyanya mistari minne. Juzi Jumanne alinipigia saa tatu usiku, nasikia maji ya mfereji nyuma yake na mtu akimwita. Alikuwa na wasiwasi. Hajafungua mchezo wiki mbili kwa sababu ya palizi, na maboga yake bila shaka yameshakauka.

Nikamwambia hayajakauka. Usipofungua mchezo, kila kitu kinasimama pale pale ulipokiacha.

Alinyamaza kidogo. "Wacha wewe," akasema, na akaniambia lazima akate simu, maji yamefika.