Kidogo Tu!

Ile mashine ya midoli kwenye kumbi za michezo mimi naianza kwa macho, si kwa hela. Nasimama pembeni, nawatazama washkaji wanaocheza. Makucha ya chuma yanashuka, yanamkamata dubu, yanampandisha, halafu njiani yanalegea. Puu! "Kidogo tu!" anasema jamaa, anaongeza sarafu.

Hiyo "kidogo tu" ndiyo biashara yenyewe. Tangu Sega walipotoa UFO Catcher huko Japani mwaka 1985, mashine za aina hii zimeenea duniani, na nyingi mwenyewe huweza kuzipangia nguvu ya kubana: zilegee mara nyingi, zikaze mara chache. Si mkosi wako.

Basi sheria zangu ni hizi. Mdoli aliyelala peke yake karibu na shimo, huyo mjaribu. Aliyebanwa na wenzake, achana naye hata awe mzuri vipi. Nauli ikae mfuko mwingine.

Mpwa wangu anamtaka dubu mwekundu. Nitajaribu mara tatu, basi. Nikimkosa, nitamwonyesha makucha yanavyolegea, ajue mapema.