Geita: Dhahabu Ina Askari, Abiria Ana Mungu!

Msomaji wangu, kama hujapanda mchomoko, bado hujaijua Kanda ya Ziwa. Mchomoko ni gari dogo la watu watano, lakini kati ya Shinyanga, Kahama na Geita halijajaa mpaka wafike wanane. Mbele wawili kiti kimoja, nyuma wanne, mwingine kwenye buti na mizigo. Nilipouliza mkanda, dereva akacheka: "Bro, mmebanana hivyo utarukia wapi?"

Raha ya njia ipo. Unapita Tinde, majaruba ya mpunga, ng'ombe kibao. Isaka unakutana na malori ya Rwanda na Burundi, marefu kama treni. Halafu unafika Mwakata, mzaha unakwisha.

Hapo, usiku wa Agosti 8, 2022, siku ya Nane Nane, Hiace, lori, gari dogo na trekta vilihusika katika ajali moja. Watu wapatao 20 walikufa. Mayu mmoja niliyebanana naye akasema taratibu, "Bhabha, punguza mwendo, nina wajukuu." Dereva akapunguza. Sote tulikuwa tunaogopa, mmoja tu ndiye aliyefungua mdomo.

Hebu piga hesabu. Gari la kilomita 80 kwa saa linameza mita 22 kila sekunde. Usiku, mbele kuna trekta au mkokoteni usio na taa, ukiuona umeshachelewa.

Na wanaokufa ni nani? Mchimbaji mdogo anayetoka Kakola na ada ya mtoto mfukoni, mama muuza dagaa, mwalimu. Akifa, mtoto anaacha shule. Akivunjika mguu, ng'ombe wanauzwa mmoja mmoja kulipia matibabu mpaka zizi linabaki tupu. Ajali ya dakika moja, kijiji kinailipa miaka.

Geita yenyewe inang'aa. Mgodi mkubwa ulianza kuzalisha mwaka 2000, mkoa ukazaliwa 2012. Dhahabu yake haipandi mchomoko! Inasafiri na walinzi wenye bunduki. Aliyezaliwa juu ya dhahabu hiyo anasafiri ameshikilia mlango usifunguke.

Washikaji, trafiki hawezi kukaa kila kona. Gari likijaa, acheni liende. Dereva akikanyaga mafuta, semeni, tena wote kwa pamoja. Mmoja akisema ataitwa mshamba. Wanane wakisema, nauli ni yao, atasikia tu.