Ukuta Ukauke Kwanza

Mwezi wa Shaabani unapoingia, mikebe ya rangi huanza kuonekana kwenye baraza za nyumba zetu. Kila mama hupenda Ramadhani imkute nyumba yake ikiwa safi, na wageni wa Idi wakute kuta zinang'aa. Ni ada njema, kwani usafi ni katika dini yetu. Hata hivyo, tumeona kwamba haraka ya kuiwahi Idi huwafanya wengi kuanza na brashi kabla ya kuujua ukuta wenyewe.

Mwaka mmoja tuliitwa kumsuluhisha mama mpangaji na mwenye nyumba wake, katika Mji wa Kale, Mombasa. Mama yule alikuwa amehamia na mtoto mchanga katika chumba kilichopakwa rangi upya, cheupe, cha kupendeza. Masika yalipoingia, ukuta wa upande wa kitanda ulifanya malengelenge, rangi ikabambuka, na madoa meusi ya kuvu yakapanda hadi karibu na dari. Mtoto akashikwa na kikohozi kisichokoma. Mwenye nyumba alishikilia kwamba alikabidhi chumba kizuri. Fundi alipoulizwa, alisema ukuta ulikuwa na majimaji siku ile, naye aliamriwa amalize kabla mpangaji hajafika.

Tuliwakumbusha hadithi aliyoipokea Imam Muslim kutoka kwa Abu Huraira, Mwenyezi Mungu amwie radhi. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni penye fungu la chakula, akaingiza mkono, na vidole vyake vikakuta unyevu ndani. Mwenye chakula akasema kilinyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza mbona hakukiweka juu watu wakakiona, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi hayuko pamoja naye. Mwenye nyumba alinyamaza kitambo, kisha akakubali kuutengeneza mfereji wa paa uliokuwa ukivuja, na kumpa mama chumba kingine kwa kodi ile ile hadi ukuta ukauke.

Tangu hapo tumekuwa tukiwauliza mafundi wazoefu, na haya ndiyo tunayoyafuata nyumbani kwetu.

Nyumba za kale za Mombasa na Lamu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wa namna hiyo hunywa maji ya mvua na ya ardhini, kisha huyatoa tena kupitia chokaa yake. Ukizibwa kwa saruji au rangi ya mafuta, maji hukosa njia. Chumvi iliyoyeyuka humo huganda chini ya rangi na kuisukuma hadi ibambuke. Kuta hizo zafaa plasta ya chokaa na rangi ya chokaa.

Kuujua unyevu si kazi ngumu. Bandika kipande cha nailoni ukutani, ukizibe kwa utepe pande zote nne, ukiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa ukuta, maji yatoka ndani: kagua paa, mifereji na mabomba. Yakiwa upande wa chumba, ni mvuke wa hewa, na dawa yake ni kufungua madirisha. Chanzo kikishatengenezwa, ukuta waweza kuhitaji majuma au hata miezi kukauka. Plasta mpya ya saruji nayo yataka majuma manne hivi kabla ya kupakwa rangi.

Unga mweupe wa chumvi hupigwa brashi kavu, wala hauoshwi, kwani maji huirudisha chumvi ukutani. Kuvu huoshwa kwa dawa ya klorini ya kufulia, sehemu moja kwa sehemu tatu za maji, madirisha yakiwa wazi na mikono imevaa glavu. Katu usiichanganye na siki wala dawa nyingine ya usafi, kwani hutoa hewa ya sumu.

Akina mama, tunawaomba mzingatie hili zaidi. Rangi ya zamani huenda ikawa na madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto hata likiwa kidogo. Kwa hiyo rangi kuukuu haikwanguliwi ikiwa kavu. Ilowesheni kwanza, tandikeni nailoni sakafuni, na badala ya kufagia, pangusieni kitambaa kibichi. Watoto na wajawazito wakae mbali mpaka chumba kisafishwe chote. Baada ya hapo nyufa huzibwa, zikaachwa zikauke, na ukuta ukapigwa msasa, nao uwe umeloweshwa kidogo ili rangi mpya ishike.

Akina baba nao wasimhimize fundi amalize kwa siku moja, kisha wamlaumu mke rangi inapobambuka. Aliye na chumba cha kupangisha na amwambie mpangaji hali ya ukuta kabla ya kupokea kodi. Na aliye na ukuta wenye maji aanze kazi mwezi wa Rajabu au kabla yake. Idi ikimkuta ukuta bado haujakauka, auache wazi hivyo hivyo, afagie chumba, atandike mkeka, na kuwakaribisha wageni.