Mama wa Eddy Gulch

Juma hili tunapanda mbali, katika pori la Klamath, kaskazini mwa California, Marekani. Kiangazi cha huko ni kikali, na radi inawasha miti mikavu. Juu ya mlima wa zaidi ya mita 1,900 kulikuwa na nyumba ndogo ya kuchungulia moshi, Eddy Gulch. Mwaka 1913 idara ya misitu ilimwandika kazi huko Hallie Daggett, mwanamke wa kwanza kuifanya katika idara hiyo. Baadhi ya wanaume wa kazi walitabiri kwamba baada ya siku chache atapiga telefone kusema ameogopa upweke.

Alirudi huko kila kiangazi, vipindi 15! Telefone aliipiga, lakini kwa kuita wazima moto wakati moshi ungali mdogo. Katika kipindi cha kwanza alitoa habari za moto kama 40, na yote pamoja iliunguza karibu hektari 2 tu. Posho aliletewa na dada yake kwa farasi, kila juma. Huyo naye tumtaje.

Kwetu Katanga anayeuona moto wa pori wa kwanza ni mama aliye shambani. Yeye atamwita nani?